Daftari la makosa: miezi sita ya kunyoosha Kiingereza changu

Shajara hii naiandika kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa. Kiingereza umekisoma miaka mingi, barua pepe unazielewa, mkutano unaufuata, lakini ukianza kuandika wewe mwenyewe unajikwaa kwenye visiki vilevile vya siku zote. Lengo langu ni dogo: niandike ukurasa mmoja na nizungumze dakika tano bila kurudia kosa ninalolijua. Kosa nisilolijua halimo katika mradi huu. Gharama nazihesabu kwa saa, maana hizo ndizo zinazonitoka.

6 Januari: Kipimo cha kuanzia

Nimejirekodi kwa simu dakika tano nikieleza kazi ninayoifanya, kisha nikaandika ukurasa mmoja kuhusu jambo hilohilo, maneno 240. Rafiki yangu anayefundisha Kiingereza ameupitia kwa kalamu nyekundu. Makosa 31. Rekodi sijaisikiliza hadi mwisho kwa aibu.

Nikamuuliza, "Mwalimu, tatizo langu ni msamiati, sivyo?"

"Maneno unayo, ndugu yangu. Angalia unavyoyaunga."

Sikumsikiliza. Nilikuwa nimesoma kwamba Paul Nation, mtafiti wa msamiati, alikadiria mwaka 2006 kuwa msomaji anahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000 ili asome maandishi ya kawaida bila kushikwa mkono. Familia moja ni kama "work", "worker" na "working" kwa pamoja. Nikapiga hesabu, nikajiona nina deni kubwa. Mpango ukawa maneno mapya 30 kila siku, kila neno kwenye kadi yake.

20 Januari: Kadi zimenielemea

Natumia visanduku vya Sebastian Leitner, Mjerumani aliyeueleza utaratibu huu mwaka 1972. Visanduku ni vitano. Kadi ukiipata inasogea kisanduku cha mbele; ukiikosa inarudi cha kwanza, hata kama ilishafika cha nne. Cha kwanza nakipitia kila siku, cha pili baada ya siku mbili, na hivyo hivyo hadi cha tano ambacho nakifungua mara moja kwa mwezi. Nyuma ya utaratibu huu yupo mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885: kusahau huenda mbio mwanzoni, baadaye hupunguza kasi. Ndiyo sababu marudio huanza karibu karibu, kisha yakaachana.

Utaratibu hauna ubaya. Aliyekosea ni mimi, mara mbili.

Kwanza, idadi. Kufikia siku ya kumi na mbili kisanduku cha kwanza kilikuwa na kadi 190, na kuzipitia kulinila saa moja na nusu. Nilikuwa nazipindua kama mtu anayechanganya karata, macho yanaona, kichwa hakipo.

Pili, na hili ndilo baya zaidi, kadi zenyewe. Upande mmoja neno la Kiingereza, upande wa pili neno moja la Kiswahili. "Borrow", azima. "Lend", azima. Juzi nimemwandikia mwenzangu kazini: "Can you borrow me your charger?" Kadi zote mbili zilikuwa kisanduku cha tatu, yaani kwa hesabu ya visanduku nazijua. Na kweli nazijua! Kiswahili kinaiachia sentensi nzima iseme kitu kinatoka kwa nani kwenda kwa nani. Kiingereza kinataka kitenzi chenyewe kichague upande. Kadi yangu ilikuwa imeifuta tofauti hiyo kabla sijaanza kujifunza.

Marekebisho: kadi mpya nane kwa siku, basi. Kila kadi ni sentensi nzima yenye pengo, yenye maneno ya kutosha kulazimisha jibu moja. Kwa mfano: "Could you ___ me your charger? I'll give it back at five." Nyuma yake nimeandika "lend" na chini yake sentensi nyingine inayodai "borrow". Siku ambayo kisanduku cha kwanza kimepita kadi 40, hakuna kadi mpya inayoingia.

Gharama hadi leo: saa 17 na kadi 340, ambazo 210 nimezitupa.

8 Februari: Kusikia na kupiga

Kadi za sentensi zinakwenda vizuri. Zimeibua kitu. Sisi tunasikia sauti, tunasikia baridi, tunasikia harufu, tunasikia usingizi. Kiingereza kinagawa kazi hiyo: sauti ni "hear", baridi ni "feel", harufu ni "smell", na usingizi hausikiwi kabisa, unakuwa nao tu: "I'm sleepy." Nimewahi kusema "I'm hearing cold" mbele ya watu wanne.

Kilichonisaidia ni kukumbuka "piga". Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga chafya, na hakuna anayeumia. Mgeni wa Kiswahili akiuliza kwa nini, jibu ni kwamba ndivyo tunavyosema. Basi Kiingereza nacho kina piga zake: "make", "do", "take", "have". "Make a mistake", lakini "do an exercise". "Take a photo", lakini "have a look". Nimeacha kuuliza kwa nini. Kadi inabeba fungu zima, na pengo naliweka kwenye kitenzi.

23 Februari: Alama 46 kati ya 50

Kitabu changu cha mazoezi kina sura nzima ya ule wakati wa "have", kama "I have finished". Nimeifanya, nimepata 46 kati ya 50, nikajipongeza. Jioni ileile nimetuma barua yenye sentensi hii: "I have sent the report yesterday."

Nimekaa na jambo hili siku tatu kwa sababu lilinikera. Sehemu ya jibu iko kwenye kitabu: sura ikiitwa kwa jina la wakati fulani, jibu la kila swali umeshapewa kabla hujasoma swali. Unachojaza ni tahajia tu. Sehemu nyingine iko mdomoni mwangu. "Nimeituma jana" ni Kiswahili cha kila siku, hakuna atakayekukatiza. Kiingereza hakikubali "have" ikae na wakati uliokwisha kufungwa. Ukitaja "yesterday", "last week" au "in May", "have" inaondoka: "I sent it yesterday."

Nikaanza kuorodhesha -me- zangu, nikashtuka. "Amelala" ni "She is asleep." "Nimechoka" ni "I'm tired." "Amesimama mlangoni" ni "She is standing at the door." "Amevaa koti" ni "She is wearing a coat." "Nimefika" ndiyo kweli "I have arrived." Na "nimeituma jana" ni "I sent it yesterday." Kiambishi kimoja, maumbo manne ya Kiingereza, na mimi miaka yote nilikuwa nakitafsiri kwa "have" tu. Upande wa pili nao una mtego: "Nafanya kazi hapa tangu Mei" haina -me- hata moja, lakini Kiingereza kinataka "I have worked here since May." Wengi tunasema "I am working here since May", na tunasema kwa kujiamini.

Sasa nikikutana na -me- najiuliza maswali mawili. Hiki ninachokieleza ni hali aliyomo mtu sasa hivi? Kama ndiyo, naenda kwenye "is". Kama sivyo, je, nimetaja muda uliokwisha? Kama nimeutaja, wakati uliopita wa kawaida. Kikibaki kitu baada ya hapo, ndiyo "have". Hayafumbati kila kitu, lakini yananitosha kwa barua ya kazi.

Kuhusu mazoezi: nimetoa nakala za kurasa za sura sita, nimezikata kuwa vipande vya swali moja moja, nimezichanganya ndani ya bahasha. Kila siku nachomoa kumi bila kujua ni sura gani. Siku tano za kwanza, maswali 50, nimepata 29. Hiyo ndiyo alama yangu halisi. Kukata karatasi kulichukua saa mbili na ni saa mbili bora kuliko zote za mradi huu hadi sasa.

10 Machi: Daftari limegeuzwa

Tangu Januari nilikuwa naandika makosa kwa mpangilio wa tarehe. Yamefika 118 na daftari halinifundishi kitu, ni majuto tu. Leo nimeyapanga upya kwa kuuliza kila kosa: nilipokuwa naliandika, nilikuwa nasema nini kichwani kwa Kiswahili?

Matokeo: "a" na "the" 34, vihusishi kama "in", "at", "to" 26, nyakati 21, umbo la kitenzi baada ya kitenzi 12, "he" na "she" 8, sentensi za "if" 6, yaliyosalia 11. Yaani zaidi ya tisa katika kila kumi yana mzazi wa Kiswahili ninayeweza kumtaja. Mwalimu alikuwa ameniambia siku ya kwanza. Nimempigia, amecheka tu.

Sentensi za "if" zilinyooka haraka kuliko zote. Sisi tunaweka -nge- pande zote mbili: "Ningejua, ningekuja." Ndiyo maana nilikuwa naandika "If I would know, I would come." Kiingereza kinaweka "would" upande mmoja tu, ule usio na "if": "If I knew, I would come." Na kama mambo yameshapita: "If I had known, I would have come." Kadi nne, wiki moja, halijarudi.

Umbo la kitenzi ni kazi zaidi. "Kusoma" kwetu ni "to read" na pia ni "reading", kwa hiyo sikioni hakuna tofauti. "I enjoy to read" ilinipendeza kabisa. Hapa hakuna ujanja, unakariri kwa makundi: "enjoy", "avoid", "finish", "suggest" na "mind" huvuta "-ing", "want", "decide", "hope" na "agree" huvuta "to". Kimoja kinabadili maana kabisa: "He stopped reading" aliacha kusoma, "He stopped to read" alisimama ili asome. Kuna "look forward to", iliyonidanganya kwa sababu ina "to" tayari. Jaribu kuweka nomino baada yake: "I look forward to the meeting." Inakubali, maana yake hiyo "to" ni kihusishi, na kitenzi kikija pale kinavaa "-ing": "I look forward to hearing from you." Barua ngapi nimezifunga kwa "to hear from you", sitaki kuhesabu.

19 Machi: "Yes" iliyonila alasiri nzima

Mwenzangu wa ng'ambo kaniuliza kwa maandishi: "Didn't you get the file?" Sikulipata. Nikajibu "Yes", yaani ndiyo, hujakosea, sijalipata. Akanyamaza. Nikangoja. Baada ya saa mbili nikamuuliza mbona kimya, akashangaa: si umesema umelipata?

Kiswahili kinajibu kauli ya muulizaji: "Hujalipata?" "Ndiyo, sijalipata." Kiingereza kinajibu jambo lenyewe, muulizaji aulize kwa kukanusha au kwa kukubali: kama sina, ni "No, I didn't." Dawa niliyoichukua ni ya woga lakini inafanya kazi: swali likija kwa kukanusha, sijibu kwa neno moja kamwe.

7 Aprili: "A" na "the"

Makosa 34, na nilianza kwa njia mbovu kuliko zote: nilinakili kanuni 22 na kuanza kuzikariri. Siku kumi. Nilipoandika ukurasa wa majaribio nilikuwa nasimama kila neno la tatu kutafuta kanuni namba ngapi, na makosa yalipungua kutoka kumi hadi tisa. Saa nane zimekwenda na maji.

Kilichofungua mlango ni kuona kwamba tofauti hii tunayo, ila tumeificha mahali pengine. Sema "nimesoma kitabu". Sasa sema "nimekisoma kitabu". Ile -ki- inamwambia msikilizaji kwamba ni kitabu tunachokifahamu wote wawili. Ya kwanza ni "I've read a book", ya pili ni "I've read the book." Vivyo hivyo "kuna gari nje" ni "There's a car outside", na "gari liko nje" ni "The car is outside." Nikiwa na shaka, naisema sentensi kwa Kiswahili na kusikiliza kama ulimi unaitafuta -ki-, -li-, -i- au -u- ndani ya kitenzi.

Njia hii ina tundu kwa watu na wanyama, kwa sababu wao huchukua -m- au -wa- hata wasipojulikana: "nimemwona mtu" ni "I saw someone", mtu yeyote. Kwa hao natumia "kuna" dhidi ya "yuko". Wala haisaidii kwa maneno ya jumla. "Maisha ni magumu" ni "Life is hard". Nilikuwa naandika "The life is hard" kama vile kuna maisha fulani tuliyokwisha kuyajadili.

Mawili ya haraka. "An" inafuata sauti, haifuati herufi: "an hour" kwa sababu h haitamkwi, "a university" kwa sababu mwanzo wake unasikika kama "yu". Na "advice", "information", "equipment" hazihesabiki, hazichukui "an" wala "s". Ukitaka kuhesabu ushauri ni "a piece of advice".

28 Aprili: Nimesimama

Wiki mbili sijagusa kadi. Sababu naijua. Nilimwomba rafiki mmoja tuzungumze nusu saa mara mbili kwa wiki, nikamwambia, "Usiniachie hata kosa moja." Kweli hakuniachia. Kila nikifika katikati ya sentensi ananikata. Mara ya tatu nikajikuta naongea kwa sentensi za maneno manne, nikichagua tu ninazozijua. Mara ya nne nilijifanya nina kazi.

Tumekubaliana upya: kila kikao kinawinda aina moja tu ya kosa. Leo ni nyakati, mengine yote anayaacha yapite hata kama yanamchoma. Na hanikatizi, anaandika, tunapitia mwishoni. Kikao cha kwanza cha namna hii nimezungumza dakika 26.

Kadi zilizolimbikizana zilikuwa 160. Usijaribu kuzimaliza kwa siku moja, nilijaribu nikashindwa saa ya pili. Nimezirudisha zote kisanduku cha kwanza, natoa 25 kwa siku, mpya zimesimama hadi zitakapokwisha.

30 Mei: Kuvunja na kujenga upya

Vihusishi vilikuwa havitikisiki. -Ni yetu inabeba mzigo mzito: "nyumbani" ni "at home" ukiwa hapo, "home" ukienda, "from home" ukitoka, na kitenzi ndicho kinachosema. Halafu kuna vitenzi ambavyo kwetu vinashika kitu moja kwa moja huku Kiingereza kikitaka daraja: nisubiri ni "wait for me", nisikilize ni "listen to me". Vingine ni kinyume: tunajadili kuhusu jambo, wao "discuss" jambo bila "about", tunaingia chumbani, wao "enter the room" bila "into". Kadi zilisaidia kidogo, kwa sababu kwenye kadi pengo linakuonyesha kwamba kuna kihusishi. Katika maandishi hakuna anayekuonyesha pengo.

Mwalimu akanipa njia ya Benjamin Franklin, mwandishi na mwanasiasa wa Marekani, ambaye alipokuwa kijana huko Boston, karne ya 18, alijifunza kuandika hivi: anachukua makala nzuri, anaandika dokezo fupi kwa kila sentensi, anaiweka kando siku chache, kisha anaijenga upya kutoka kwenye madokezo na kulinganisha na ile ya asili. Yeye Kiingereza kilikuwa cha mama, akitafuta mtindo. Mimi natafuta "at".

Nachukua aya ya maneno kama 100. Madokezo nayaandika kwa Kiswahili, maneno manne matano kwa sentensi. Siku mbili baadaye najenga upya bila kuchungulia. Kisha naweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu na kupigia mstari kila tofauti. Tofauti za mtindo naziacha. Nikiona "arrived to the office" upande wangu na "arrived at the office" upande wa pili, hilo linaingia daftarini, kisha kadi.

Aya moja ni dakika 25. Nimefanya 18. Tatu za kwanza nilizitupa kwa sababu madokezo yalikuwa marefu mno, nilikuwa natafsiri tu. Aya ya nne ilinipa makosa 14, ya kumi na nane 5. Kama ningeanza mradi huu leo, ningeanza hapa, mwezi wa kwanza, na kadi zingekuja baadaye kubeba kinachoanguka.

4 Julai: Kipimo cha pili

Jambo lilelile, ukurasa uleule, maneno 251. Makosa 9: "a" na "the" 5, vihusishi 3, na moja ambalo mimi na mwalimu tumebishana na hatujaafikiana. Nyakati hakuna hata moja. Bahasha ya vipande: 43 kati ya 50.

Jumla: saa 104. Kati ya hizo, 30 hivi zilipotea kwenye kadi za neno kwa neno, kanuni 22 na wiki za kulimbikiza. Madaftari mawili. Kadi zilizo hai 286, ambazo 171 ziko kisanduku cha tano.

Rekodi nimeisikiliza yote safari hii. Nyakati zimekaa, sentensi ni ndefu. Lakini nikimzungumzia meneja wangu, ambaye ni mwanamke, nimesema "he" mara nne katika dakika tano, na mara mbili nimejirekebisha katikati na kusababisha vurugu zaidi. Kwenye karatasi kosa hili limekwisha tangu Aprili. Kadi haziliwezi, kwa sababu ukiniuliza najua; ni mdomo uliozoea a- moja kwa wote.

Tangu Jumatatu najaribu hivi: kila asubuhi dakika moja, nasimulia kwa sauti kisa cha mwanamume na mwanamke wanaogombea kiti kimoja, kila sentensi ianze na mmoja wao, simu ikirekodi. Siku ya kwanza nilikosea mara sita. Leo ni siku ya nne: mara mbili, zote baada ya sekunde ya arobaini.